Nyuzi Nne za Shangazi Aikande

Watu wa kwetu Old Moshi wakimtaja shangazi yangu Aikande husema, "Yule mwalimu mpole." Neno hilo linaniudhi, naomba niliseme mapema. Mtu ameporwa kitu chake mchana kweupe, wazee wamemwambia anyamaze, naye amenyamaza. Sisi tunamwita mpole halafu tunaendelea kunywa kahawa yetu. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakaribia kuingia kidato cha tatu mambo haya yalipoanza, na nilikuwa nikiishi naye nyumba moja, kwa babu Ebenezeri. Nitasimulia nilivyoona, na asiyependa hasira zangu aishie hapa.

Shangazi alikuwa binti mkubwa wa babu, na babu alikuwa msimamizi wa mfongo, yaani ule mfereji wa asili unaoleta maji kutoka msituni hadi kwenye vihamba vyetu, mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Tangu akiwa mdogo alimfuata baba yake huko juu, akibeba jembe, akijifunza jinsi ya kuyatuliza maji yanayokwenda mbio na kuyasukuma yanayolala. Alisoma hadi chuo cha ualimu, somo lake fizikia, na mwaka 1986 akarudi kufundisha sekondari iliyojengwa na wazazi kwa michango yao, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Hakuolewa. Waliomuuliza sababu aliwajibu kwamba bado anasahihisha madaftari.

Shule hiyo ilikuwa na chumba kinachoitwa maabara. Ndani yake mlikuwa na kabati lililofungwa, na ndani ya kabati, tulipokuja kulifungua, mlikuwa na chupa tatu tupu na kiota cha panya. Saa ya kupimia sekunde hatukuwahi kuiona. Ndiyo ilikuwa miaka ile wazazi wanaambiwa wachangie kila kitu, kuanzia dawati hadi chaki, na kahawa bei yake imeanguka mpaka watu wengine wameanza kuing'oa na kupanda nyanya.

Sasa sikiliza alichofanya. Kwenye mtaala kulikuwa na somo la mwendo wa kitu kinachoteremka, lile la Galileo, Mwitaliano wa karne ile ambayo Ulaya inasema ilizaliwa upya. Walimu wengine waliandika kanuni ubaoni, tukanakili, basi. Shangazi alikwenda kwa babu akaomba gogo lililochongwa katikati, moja ya yale yaliyokuwa yakivusha maji ya mfongo juu ya korongo kabla ya kuwekwa bomba. Akalikwangua kwa chupa iliyovunjika, akalipaka nta ya nyuki mpaka likateleza. Kisha akashuka mjini kwa Mzee Seleman, fundi wa malori, akapewa gololi ya beringi, nzito, inayong'aa.

Siku ya somo aliinua ncha moja ya gogo juu ya matofali mawili. Akafunga nyuzi nne za mgomba kukatisha mfereji, ili gololi ikipita juu ya uzi iruke kidogo na kulia ta. Halafu akatuambia tupige makofi, taratibu, mapigo yaliyo sawa, kama alivyotufundisha kwenye kwaya ya usharika, maana kwaya nayo alikuwa akiifundisha yeye. Akaiachia gololi. Kazi yetu ilikuwa kuzisogeza nyuzi mpaka kila ta iangukie kwenye kofi. Ta ikiwahi, shusha uzi. Ikichelewa, pandisha. Tulihangaika saa nzima, tukigombana, tukicheka. Mwishowe gololi ikashuka ta, ta, ta, ta, sawa kabisa na makofi yetu.

Ndipo akatuambia tupime kwa viganja. Kutoka juu hadi uzi wa kwanza, kiganja kimoja. Kutoka hapo hadi wa pili, viganja vitatu. Kisha vitano. Kisha saba. Muda ni ule ule, lakini nafasi inaongezeka, kwa sababu gololi inazidi kushika kasi. Hakuna aliyetuambia, tuliisikia kwa masikio yetu. Mimi nikapata kichaa cha fizikia siku ile na sijapona mpaka leo.

Baada ya somo alizifungua nyuzi zote na kuzitupa. Alifanya hivyo kila mwaka. Alisema kuzitafuta ndilo somo lenyewe, na kwamba akiwaachia wanaofuata nyuzi zilizokwisha fungwa atakuwa amewaibia.

Mwishoni mwa mwaka 1996 shuleni iliingia karatasi kutoka chuo kikuu kimoja cha Marekani. Kila mwaka chuo hicho kilipeleka wanafunzi wake Italia, mji wa Padova, kwa wiki sita za majira ya joto, kusoma sayansi ya zama za Galileo na kutengeneza filamu fupi juu ya majaribio ya kale. Walikuwa na nafasi moja ya mwalimu wa sayansi kutoka nchi kama yetu, kila kitu juu yao. Anayetaka aandike kuhusu jaribio analofundisha kwa vifaa vya mahali pake.

Shangazi aliandika kurasa nne kwa mkono, siku tatu mfululizo usiku, kwenye meza ya jikoni. Alinisomea. Alieleza gogo, nta, gololi, nyuzi na makofi. Vipimo hakuviandika. Aliandika tu kwamba wanafunzi huzitafuta sehemu za nyuzi kwa sikio, na kwamba angependa kusimama mji ule ambao Galileo alifundisha, awaonyeshe wenye kamera jinsi watoto wa mlimani wanavyofika kule kule alikofika yeye. Sijawahi kumwona anataka kitu namna ile. Alinunua hata kamusi ndogo ya Kiitaliano kwenye mitumba ya vitabu, haina jalada, inaanzia herufi ya C.

Maombi yalipaswa kupita kwa Mkuu wa Shule, yapigwe taipu na kugongwa muhuri. Mkuu wetu aliitwa Remigius, mtu wa Kibosho, mnene kiasi, mwenye sauti ya kuhutubia. Zamani alifundisha siasa. Siasa ilipofutwa akafundisha uraia. Fizikia aliiachia kidato cha pili, na alikuwa akitangaza hivyo mwenyewe kwenye mahafali ili watu wacheke. Alichokijua kweli ni kahawa. Shamba lake lilikuwa na mistari iliyonyooka kuliko ya mtu yeyote, kila shimo limepimwa kwa kamba yenye mafundo, futi zile zile kutoka mche hadi mche.

Shangazi alimkabidhi kurasa zake nne akiwa amezishika kwa mikono miwili. Januari alimwuliza, akaambiwa hawajajibu. Machi, hawajajibu. Mei, Wazungu wale wana mambo mengi, mwalimu, tuvute subira. Juni, siku ya Jumatatu, Mkuu alisimama mbele ya gwaride la asubuhi akatangaza kwamba shule yetu imepata heshima kubwa, na kwamba yeye mwenyewe ataiwakilisha huko Italia kwenye masomo ya filamu na sayansi. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa mazoea, kabla sijaelewa. Nilipogeuka kumwangalia shangazi kwenye mstari wa walimu, alikuwa akitazama viatu vyake.

Zita, karani wa shule, alikuja nyumbani jioni ile analia. Alisema kurasa zilikuwa zile zile nne, neno kwa neno, na alizipiga taipu yeye. Jina tu la mwandishi, mwishoni mwa barua, ndilo aliambiwa alibadilishe. Aliambiwa ni utaratibu, kwamba barua za shule hutoka kwa jina la Mkuu. Shangazi alimpa chai, akamfariji. Hebu fikiria, yeye ndiye aliyefariji. Nilitamani kuvunja kikombe.

Kesho yake alikwenda ofisini. Alivyonieleza baadaye, Mkuu hakuona haya hata kidogo. Alimwambia kitu cha mwalimu ni cha shule, na shule ina mkuu wake. Akamwambia ni safari ngumu kwa mwanamke asiye na mume. Akamwambia atakwenda yeye mwakani, Mungu akipenda. Na akamwomba amtafutie gololi.

Alimpa. Mpaka leo sijui kwa nini alimpa.

Julai kwetu ni baridi. Ukungu unashuka mpaka mlangoni na tunalala na sweta. Mkuu aliona kwamba kama Moshi kuko hivi, Ulaya itakuwa balaa, neno majira ya joto akaliona ni maneno tu, akaenda Kiboriloni kwenye mitumba akajinunulia koti zito la sufi. Alipanda nalo ndege.

Alirudi Agosti na kaseti ya video. Mwezi uliofuata aliazima televisheni na deki, akatukusanya ukumbini shule nzima, walimu mstari wa mbele. Tukamwona Mkuu wetu kwenye kioo, kwenye ua wa mawe wenye jua kali, amevaa lile koti, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mbele yake kuna mfereji wa mbao mpya. Amefunga nyuzi nne. Na amezifunga kama anavyopima mashimo ya kahawa: futi moja, futi moja, futi moja, futi moja.

Nilimsikia shangazi akivuta pumzi.

Wanafunzi wa Kimarekani wakapiga makofi yao taratibu. Gololi ikaachiwa. Ta ya kwanza, ta ya pili ikawahi, ya tatu na ya nne zikafuatana hata kofi halijapigwa. Akarudia. Ikawa vile vile. Profesa, mama mmoja mrefu mwenye nywele fupi nyeupe, akainama kuangalia. Mkuu akasema kwa Kiingereza chake kwamba mbao za Ulaya hazifai, magogo ya Kilimanjaro yana siri yake. Wakampigia makofi, vile wazazi wanavyompigia mtoto aliyesahau shairi katikati. Profesa akaigeukia kamera akasema jaribio hili la Mwalimu Remigius ni zuri sana, kwamba wapo wataalamu wanaodhani Galileo mwenyewe alitumia nyuzi na wimbo, na kwamba mwakani wanafunzi watakwenda Tanzania kulipiga picha mahali lilipozaliwa, kwa gogo lake halisi.

Ukumbi ulishangilia. Sisi kidato cha tatu, na kidato cha nne waliotutangulia, hatukushangilia. Tulijua nyuzi zinakaa wapi.

Shangazi aliendelea kufundisha, kusahihisha, kuimbisha kwaya. Mkuu alipompa salamu aliitikia. Lakini alikuwa amekonda, na ile kamusi isiyo na jalada aliitia kwenye ndoo ya kuwashia moto. Niliitoa nikaificha chini ya godoro langu.

Mvua za Elinino zilipopamba moto, Desemba, barua ikaja kuthibitisha: profesa na wanafunzi kumi na mmoja watafika Julai. Hapo Mkuu akakosa usingizi. Alikuwa na miezi saba ya kujifunza nyuzi nne, na angeweza kuja darasani kwetu akauliza mtoto yeyote. Hakuuliza. Alifanya jambo jingine, na hilo ndilo ambalo sijamsamehe.

Alileta isale.

Kwa asiyejua kwetu: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini. Ukimkosea mtu, ukampelekea isale pamoja na wazee, hawezi kulikataa. Hata kama uliua ng'ombe wake. Akilipokea, jambo limekwisha, na atakayelitaja tena ndiye mwenye kosa, yeye na nyumba yake yote. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi kumwagika mlimani huku. Yule mtu aliitumia kama kitambaa cha kumziba mwanamke mdomo.

Walifika Jumapili baada ya ibada, yeye na wazee wawili wa upande wake. Babu aliwaweka sebuleni, akaitisha kahawa. Kwa babu ilikuwa heshima, mkuu wa shule mzima kuja nyumbani kwake kujishusha. Yeye alijua tu kwamba waligombania safari. Kuhusu kurasa zile nne shangazi hakuwahi kumweleza, ili asimpandishe presha. Akanituma nimwite shangazi, aliyekuwa shambani akikata majani ya ng'ombe. Aliingia na matope miguuni, akawaamkia wazee shikamoo, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango.

Mzee mmoja akasimama, akamnyooshea shina la isale lenye majani yake, bichi, limefungwa vizuri. Akasema Mwalimu Remigius anaomba yaishe.

Shangazi aliliangalia lile shina bila kulishika. Akauliza kwa upole kabisa, "Mkuu anaomba msamaha wa kosa gani?"

Mkuu akasema, kwa yale yote yaliyotokea. Mzee wa pili akadakia kwamba isale halichimbuliwi mizizi, likija limekuja. Shangazi akamwangalia baba yake. Nilidhani babu atasema, mwacheni aulize. Babu akasema, akimwita mama kwa Kichaga, "Pokea, mae. Usituaibishe."

Akapokea. Mikono yake ilikuwa na umande wa majani. Yule mzee wa kwanza akatamka kwa sauti ya kumaliza kikao, "Kuanzia leo jambo hili halitaguswa." Wakaitikia wote. Babu akalichukua lile shina akalipanda pale pale, ukingoni mwa njia ya kuingilia kwetu, ili kila apitaye aone nyumba hii ina amani. Wakiwa wanaaga, Mkuu akamwambia shangazi, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, kwamba Julai atamhitaji kufunga zile nyuzi, yeye Mkuu atakuwa akiwaeleza wageni. Shangazi akarudi shambani kwenye majani yake ya ng'ombe.

Usiku ule niligombana na kila mtu. Nilimwambia babu kwamba hajui alichopokea. Akanitazama akasema mtoto wa kike mwenye mdomo kama wangu hataolewa, atakaa na mdomo wake. Nilimwambia shangazi kwamba ana moyo wa uji. Alinifunika blanketi akasema nilale. Sikulala, na sikuzungumza naye siku nne.

Wakafika Julai 1998. Barabara ilikuwa imeliwa na mvua, wakapanda kwa miguu kutoka darajani, wamebeba kamera, stendi na taa. Shule ilifagiliwa mpaka ikachubuka. Babu alialikwa kama mwenye gogo. Alivaa koti lake la usharika akawekwa kiti mbele. Sisi, sasa kidato cha nne, tulijaa kwenye mabenchi. Gogo lilikuwa juu ya meza, ncha moja juu ya matofali, mfereji mtupu. Pembeni kulikuwa na fungu la nyuzi za mgomba. Kamera tatu zikawashwa.

Mkuu alihutubia. Aliwaeleza wageni jinsi wazo lilivyomjia akitembea kando ya mfongo. Nilimtazama babu, alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa adabu, maana Kiingereza alikuwa hakijui. Kisha Mkuu akageuka, mkono umenyooka, tabasamu limejaa, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu Aikande atatufungia nyuzi."

Shangazi alikuwa ameketi kando yangu, benchi la nyuma kabisa. Hakuinuka.

"Samahani, Mkuu," alisema. "Jambo hilo niliambiwa halitaguswa."

Hakupaza sauti. Hakukuwa na kebehi usoni kwake. Alisema hivyo kama mtu anayekumbusha agizo, mikono juu ya mapaja. Miezi saba nilimwona mwoga, kumbe alikuwa amelishika lile neno la mzee kama lilivyo, hakuongeza wala hakupunguza.

Mkuu alicheka kidogo. Wageni hawakuelewa, wakasubiri. Basi akachukua nyuzi mwenyewe. Akatoa futikamba mfukoni. Akapima, akafunga; akapima, akafunga. Futi moja, futi moja, futi moja, futi moja. Profesa akaashiria tupige makofi. Tukapiga, mapigo ya kwaya, sawa kabisa. Gololi ikashuka na ta zake zikatukimbia. Akarudia. Zikatukimbia tena. Akasogeza tofali, akapuliza mfereji kana kwamba kuna vumbi. Mara ya tatu mwanafunzi mmoja wa kigeni alishusha kamera yake kwa aibu, akaangalia pembeni. Profesa akauliza, polepole, ni kwa nini mlio unazidi kuwahi. Mkuu akasema gogo limepinda kwa mvua.

Hapo ndipo babu alipoinuka.

Kiingereza hakukijua, lakini gogo lake alilijua. Alilichonga yeye, na halikuwa limepinda. Na mlio aliujua pia, kwa sababu mara ya kwanza kabisa shangazi alilijaribu jaribio lile nyumbani kwetu, kwenye ua wa ng'ombe, babu akipiga makofi. Alilikaribia gogo, akapitisha kidole kwenye nyuzi moja moja. Akageuka akamtazama binti yake pale nyuma. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba siku ile sebuleni hakupatanisha ugomvi wa safari. Uso wake ulizeeka tukiuangalia.

Alimwuliza Mkuu, kwa sauti ya kawaida tu, "Mwalimu, isale uliloleta nyumbani kwangu, lilikuwa la kosa gani?"

Ndilo lile lile swali. Lakini shangazi alipoliuliza alikuwa mwanamke anayechimbua mizizi. Babu alikuwa mwenye nyumba isale lilikopandwa, na hakuna mzee wa kumwambia anyamaze. Mkuu alitazama dirisha, akatazama wageni. Jasho likaanza, ingawa safari hii hakuwa na koti.

"La hili, mzee," alisema, na akaweka mkono juu ya gogo. "Ni lake. Hata maandishi yalikuwa yake."

Profesa aliuliza wamesema nini. Nilisimama kabla mtu hajanituma, nikatafsiri. Nilitafsiri yote, taratibu, kwa Kiingereza ambacho sijawahi kukipata tena: kurasa nne, taipu, muhuri, jina la mwisho. Babu alikuwa amelifungua jambo kwa mkono wake, kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa huru, na niliutumia. Ningekuwa mwongo nikisema sikufurahi.

Shangazi akaja mbele. Akakata zile nyuzi nne za Mkuu akazitupa chini. Akawagawia wageni nyuzi mpya, akawaonyesha kofi linapigwaje, akawaacha wahangaike. Hakuwaambia chochote isipokuwa kile alichotuambia sisi: ikiwahi shusha, ikichelewa pandisha. Iliwachukua zaidi ya saa. Gololi iliposhuka ta, ta, ta, ta, sawa na makofi, kijana mmoja wa kamera alikaa chini sakafuni. Profesa alimshika shangazi mikono yote miwili. Alisema mwakani Padova ni wewe, jina lako nitaliandika mwenyewe. Babu alitoka nje, hakurudi ndani mpaka wageni walipoondoka.

Mwakani. Barua ilikuja Machi 1999, kwa jina lake, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. Ilisema kwa masikitiko makubwa kwamba programu ile ya kiangazi imefungwa kwa sababu wanafunzi waliojiandikisha hawakutosha. Walimshukuru kwa mchango wake. Waliambatanisha kaseti, filamu ya dakika kumi na moja, na mwanzoni jina lake limeandikwa sahihi. Nyumbani hatukuwa na deki. Aliiweka kabatini juu ya vitambaa vya meza, na nikaitoa kamusi chini ya godoro nikaiweka kando yake, kwa hasira, ili aione. Aliiona. Akasema herufi A na B asingezihitaji sana.

Na Remigius? Nani aliyemfanya nini? Alibaki Mkuu wa Shule mpaka alipostaafu, mwaka 2003, tukachangishwa wote, akaagwa kwa hotuba na godoro la sponji. Shangazi alichangia. Alimwimbishia kwaya.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha fizikia huko Kwa Sadala. Babu alifariki mwaka uliofuata. Tulipomaliza matanga, watu wametawanyika, nilitoka nikaliona lile isale ukingoni mwa njia, limekuwa refu kunizidi, limenawiri kama halina habari. Miaka ile yote tulikuwa tukilipita asubuhi na jioni. Nilikwenda nikachukua sululu. Nililing'oa lote, mizizi na udongo wake, nikalitupa njiani.

Shangazi alitoka jikoni akiwa na kitenge cha msiba kiunoni. Aliliangalia lile shimo, akaniangalia mimi. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka: kwamba baba yake alimuuza, kwamba yule mtu alikula Ulaya yake, kwamba yeye mwenyewe amekaa na samahani yake mpaka nywele zimekuwa nyeupe, na kwamba nimechoka kusikia anaitwa mpole.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aliyesamehe ni mimi, Doris. Wewe hakuna aliyekuletea isale. Kaa na hasira yako, sikukatazi, naona inakufaa darasani. Lakini hicho nilichosamehe ni changu, na wewe pia usinichukulie kilicho changu bila kuniuliza. Lirudishe lilipokuwa."

Akasimama pale pale, mikono kiunoni, mpaka nilipochukua jembe. Nililipanda upya, nikalishindilia udongo, nikaenda mfongoni kuchota maji ya kulimwagilia. Limeshika. Hasira nayo ninayo.